Ugoro wa Bibi Ndani ya Mwanga

Shikamoo Bibi, mke wangu wa Kondoa,

Nimefika Dodoma, vumbi limenijaa mpaka kwenye meno. Ugoro wako nimemkabidhi Shangazi kazini kwake, maabara ya chuo. Huyu binti yako analipwa kusokota mwanga kama kamba. Ukitua chini unatengeneza duara lenye giza katikati, kama ngata ya kubebea ndoo ila dogo mno, na humo ndimo wanamonasia chembe na kuizungusha bila kuigusa.

Asubuhi nzima chembe zao za dukani zilikuwa zimegoma kunasa, na mkuu wake yuko njiani kuja kuangalia. Nikamwambia, "Mama yako anakusalimu." Unamjua, zawadi yako haweki kiporo. Akafungua kikopo palepale, akanusa, akapiga chafya iliyorusha ugoro meza nzima.

Mkuu alipoingia na kuchungulia kwenye hadubini, kitu cheusi kilikuwa kimenasa katikati ya duara, kinazunguka kwa adabu.

"Chembe nzuri sana hii," akasema. "Mmeipata wapi?"

"Nyumbani," Shangazi akajibu, huku anafuta pua.

Sasa anataka umtumie kikopo kingine, eti cha utafiti. Usikubali, mke wangu. Cha kwanza kimebaki nusu, na mwanga umechukua chembe moja tu.

Jifunike vizuri usiku, na yule mzee jirani asizoee chai yangu.

Mumeo,
Juma