Hatua za Baba Latifa

Jumanne, 8 Julai

Uji. Dawa mbili. Kisha viatu, cha kulia kwanza kwa kuwa ndicho kigumu. Mguu wake wa kulia hauingii kiatuni, unatiwa. Nimezoea. Mwezi wa tano huu tangu Baba Latifa apate kiharusi.

Latifa ametuma picha za saa tatu za mkononi kutoka Dodoma. Saa za kuhesabu hatua. Anataka baba yake achague mwenyewe. Tumekaa kibarazani na simu katikati yetu kama watu wanaochagua kitambaa cha harusi. Ya kwanza nzuri, kioo cha duara, lakini chaji haimalizi siku mbili, na umeme wa hapa Shangani hauna ahadi. Ya pili nyembamba, maandishi yake siyaoni hata kwa miwani. Ya tatu haina uzuri wowote. Inakaa na chaji wiki nzima. Haiingii maji, hana haja ya kuivua kila akitia udhu. Na mkanda wake ni wa kitambaa, unanata wenyewe. Anaweza kuufunga kwa mkono mmoja.

Aliutazama huo mkanda muda mrefu. "Hii," akasema.

Maneno yake siku hizi yanatoka moja moja, kama maji ya mgao.

Jumamosi, 12 Julai

Saa imefika kwa basi. Nimeiunganisha na simu mwenyewe, Latifa akinielekeza kwa sauti. Programu inauliza maswali kama karani wa sensa. Umri. Urefu. Uzito. Halafu inauliza unataka hatua ngapi kwa siku. Yenyewe ilikuwa imeshaandika elfu kumi.

Baba Latifa alicheka. Mara ya kwanza tangu Machi. Upande mmoja wa mdomo tu ndio unaocheka, lakini alicheka.

Huyu mtu alikuwa bwana shamba miaka thelathini. Pikipiki ya ofisi ilikufa mapema, akaendelea kwa miguu, mkorosho kwa mkorosho. Ndivyo alivyofika kwa baba yangu kule Mtawanya, viatu vimejaa vumbi, akaomba maji, nikampelekea mimi. Elfu kumi alikuwa anazimaliza kabla ya chai.

Nikaandika elfu moja. Chini ya hapo programu haikubali. Hata hiyo iliniogopesha.

Ameifunga mkono wa kulia, ule mbovu, kwa kuwa wa kushoto ndio unaoweza kufunga. Latifa naye ameweka programu hiyo kwenye simu yake. Ataona kila kitu akiwa kazini.

Jumatatu, 14 Julai

Tumetembea. Kitandani mpaka kibarazani, kibarazani mpaka kwenye simtanki la maji uani, kurudi. Fimbo kushoto, mimi kulia. Nilihesabu kwa Kimakonde, kimoyomoyo, kama mama alivyokuwa akihesabu madebe ya korosho. Asubuhi ilikuwa nyeupe. Bahari imekwenda mbali, imeacha matope yanayong'aa, na sauti za watu zinafika zimelainika. Nikapotea kidogo. Nikadhani tunatembea zamani.

Hatua sitini na nne. Alikaa, jasho limemlowesha kanzu. Akageuza mkono kutazama saa.

Sufuri.

Nikasema labda inachelewa. Tukangoja. Sufuri.

Alhamisi, 17 Julai

Jana sufuri. Leo saba. Tumekwenda na kurudi mara mbili, ikaona saba.

Mchana, ametoka tu kukaa, bado anahema, saa ikamtikisa mkono. Maandishi yakapita: umekaa muda mrefu, inuka ujinyooshe. Aliyasoma hadi mwisho. Akauweka mkono wenye saa chini ya mto.

Baada ya magharibi Latifa akapiga. "Mama, mbona baba hatembei? Naona karibu sufuri tu huku." Nikamwambia anatembea. Akanyamaza namna ya mtoto anayejua mama anamfichia kitu. Nilitaka kumfokea. Sikumfokea.

Jumapili, 20 Julai

Amekataa. Jana kiuno, leo kichwa. Amegeukia ukutani. Nilipomsihi akasema, "Hata saa inaniona nimekaa."

Viatu nimevirudisha chini ya kitanda bila kumvisha.

Alasiri akalala usingizi mzito. Saa alikuwa ameivua, iko juu ya meza karibu na dawa. Sijui nilifikiri nini. Niliifunga mkononi mwangu, nikajitanda khanga, nikamwomba jirani yangu Bi Zainabu akae kibarazani na ukili wake wa kusuka mkeka, nikatoka.

Nimetembea ufukweni. Mwanzo haraka, kama ninayefukuzwa. Kisha polepole. Maji yalikuwa yanarudi, yakinigusa vidole na kuondoka. Upepo wa ubaridi. Watu wachache, wadogo, mbali, kama waliochorwa kwa mkaa. Nilisahau jina langu kwa muda. Si kwa ubaya. Kama mtu anavyosahau mzigo akishautua.

Hatua 4,312.

Nilipofika nyumbani Latifa alikuwa ameshatuma mioyo mitatu myekundu. *Hongera baba!*

Sikumsahihisha.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda tena jana. Na leo. Kila siku anapolala alasiri. Saa naivaa, nikirudi naiweka pale pale.

Latifa ana furaha. Sauti yake imerudi kuwa ya msichana. Amewaambia wenzake ofisini.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna ninayeweza kumwambia: sitembei kwa ajili ya Latifa. Nafurahi kuwa mbali na baba yake. Nampenda, na nafurahi kuwa mbali naye. Kule pwani hakuna anayenihitaji kwa lolote. Nikikaribia nyumbani miguu inakuwa mizito, naiona ikiwa mizito, mpaka kwenye namba za saa: mapigo ya moyo yanapanda nikishika komeo.

Yeye hajatembea siku ya tano leo. Mguu wa kulia umevimba kidogo.

Jumamosi, 26 Julai

Siku mbaya.

Nilikuwa jikoni nakuna nazi. Simu ilikuwa kibarazani, pembeni ya Baba Latifa. Latifa akatuma ujumbe wa sauti, na yeye akaubonyeza kwa kidole chake kizuri. Niliusikia hadi jikoni. "Baba, wiki hii peke yake umepita kilomita kumi! Nalia kwa furaha huku. Hujui nilivyokuwa naogopa."

Nikaacha kukuna.

Nilipotoka alikuwa ameishika saa, anaitazama, kisha ananitazama miguu. Mchanga ulikuwa bado kwenye ndala zangu.

"Nani katembea?" akauliza.

"Mimi."

Hakula. Alipotaka kwenda msalani hakuniita, aligonga ukuta kwa fimbo mpaka nikaja. Miaka thelathini na moja ya ndoa, hajawahi kunigongea ukuta.

Jumatatu, 28 Julai

Nilikwenda gengeni kununua mchicha. Dakika ishirini, pengine chini. Bi Zainabu hakuwepo.

Nilimkuta chini karibu na simtanki. Amekaa, mgongo kwenye simtanki, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto. Damu kwenye paji la uso, si nyingi. Fimbo imeangukia mbali. Saa iko mkononi.

Sikupiga kelele. Nilikaa chini kando yake. Tope likalowesha gauni langu. Kuku wa jirani akatupita. Tulikaa hivyo muda, jua likiwa juu yetu, na mimi nikaona kila kitu kwa mbali, kama ninayeangalia watu wawili wa nyumba nyingine. Wazee hawa, nikawaza. Wanafanya nini hapo?

"Nilitaka ziwe zangu," akasema.

Sentensi nzima. Haikukatika.

Nikalia basi. Yeye akaniwekea mkono wa kushoto juu ya kichwa, akauacha hapo.

Jumanne, 29 Julai

Hospitali. Kidonda kimesafishwa, hakuna mfupa uliovunjika, alhamdulillah. Kisha tukapelekwa kwa Neema, binti wa mazoezi ya viungo aliyemhudumia tangu mwanzo. Mkali kidogo, mikono mizuri.

Latifa alikuwa ameshampigia na kumsimulia zile kilomita. Neema akaomba simu, akatazama, akamtazama mgonjwa wake, akatazama tena simu. "Baba, hizi elfu nne umetembea wewe?"

Baba Latifa akanigeukia. Hakunisaidia wala hakunisukuma. Nikasema yote. Kwamba saa haikumwona. Kwamba nilivaa mimi. Kwamba nilipenda. Hilo la mwisho halikuwa limeulizwa, lilitoka lenyewe, mbele yake.

Neema hakunifokea. Akamwambia asimame, atembee mpaka dirishani na kurudi. Akautazama mkono, si mguu.

"Hii saa inasoma mkono unavyobembea," akasema. "Mkono wake umejikunja kifuani, hautikisiki. Ukiihamishia kushoto, huko kuna fimbo. Na hatua zake ni za polepole. Hapo saa inadhani mtu amelala."

Akaivua. Akainama, akaifunga kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, ule mzima. Mkanda ukafika kwa tabu.

"Nenda tena, baba."

Dirishani na kurudi. Kumi na moja.

Akatueleza kwamba hapo chini huenda ikahesabu mguu mmoja tu, tusishangae, na mapigo ya moyo tusiyaamini yakisomwa mguuni. Akanionyesha mahali pa kuzima ile mitetemo ya kumwambia ainuke. Nikaizima palepale. Lengo la elfu moja akaniambia niliache, tuandike daftarini namba ya jana na ya leo tu, ya leo ipite ya jana kidogo.

Tulipanda bajaji ya kurudi, tukakaribia nyumbani. Kisha Baba Latifa akasema, akitazama nje, "Za pwani. Ulizipenda?"

"Nilizipenda."

Akafikiri. "Basi ziendelee. Ila ziwe zako."

Jumatano, 30 Julai

Nimeunga mkanda kwa kipande cha kitambaa kigumu, nikashona mara mbili. Sasa unamfika vizuri.

Kitandani, kibarazani, simtanki, kurudi. Saa ikaonyesha 34. Mimi nilihesabu 66. Mguu mmoja, kama alivyosema Neema, na kosa dogo la mtu, langu au lake. Akapandisha suruali akaitazama namba hiyo kama alivyokuwa akitazama mche mpya, bila kuigusa.

Udhu sasa unaanza kwa kuvua saa, maana mkanda wa mguuni hausogei na maji lazima yafike chini yake. Amelalamika. Nimefurahi kumsikia akilalamika.

Nikampigia Latifa nikamwambia ukweli. Akasema, "Mama, ungesema tu umechoka."

Sikuwa najua kama ni neno linalosemwa.

Mwezi ujao anakuja, wiki mbili. Amesema atalala chumba cha baba yake na mimi nitalala popote ninapotaka.

Ijumaa, 8 Agosti

52. Jana 49.

Bi Zainabu anakuja kila alasiri sasa, na ukili wake, na maneno yake mengi. Baba Latifa anamvumilia. Mimi nakwenda ufukweni bila saa. Sijui ni hatua ngapi. Leo nilisimama tu kwenye maji kwa sehemu kubwa.

Msikitini hajafika bado. Amefika getini kwetu na kusikiliza khutba kutoka pale, kwenye kiti, kanzu imepigwa pasi. Wapitao walimpa mkono, naye akawapa wa kushoto, na hakuna aliyejali.

Jumapili, 17 Agosti

Latifa yuko hapa. Leo kaka yangu Saidi alitufuata na gari la kuazima, tukaenda Mtawanya, shambani kwa marehemu baba.

Mikorosho imechanua. Harufu ilitufikia kabla ya kuiona, ile tamu inayokaa kooni. Saidi alileta kiti mpaka kwenye mlango wa gari. Baba Latifa akakipita. Fimbo, mguu, mguu. Latifa nyuma yake, mikono imenyooshwa bila kumgusa. Ardhi pale si sawa, kuna mizizi na majani makavu, na alikwenda taratibu kiasi kwamba kuku walikuwa wanampita. Alifika mkorosho wa kwanza. Akaegemea. Akavuta tawi chini kwa mkono wa kushoto, akaligeuza kwenye mwanga, akasogeza macho karibu na maua.

"Shemeji," akamwita Saidi. "Ubwiri unga. Umepiga salfa lini?"

Saidi akajitetea. Baba Latifa akamsikiliza, kisha akamwonyesha kwa kidole unga mweupe wa ugonjwa kwenye maua. Wakaanza kubishana. Maneno yake yalitoka moja moja, na Saidi, ambaye hana subira kwa mtu yeyote, akayangoja kila moja. Wakasogea mkorosho wa pili.

Wifi yangu, mke wa Saidi, alinitandikia mkeka ukumbini. Akaniambia nipumzike wakati ubwabwa unaiva. Nikasema sina usingizi. Mlango ulikuwa wazi. Niliwaona watatu kati ya miti, wakipungua, Latifa akiandika kitu anachoamriwa na baba yake. Sauti zao zikawa mvumo tu.

Nililala. Nilipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa nyumba, mtu amenifunika khanga, na chakula changu kilikuwa kimefunikwa kwa sahani. Hakuna aliyekuwa ameniita.