Hukunipa Nikate Karata

3 Machi

Kwa binti yangu msusi,

Salamu zikufikie huko uliko. Mimi mzima, kikohozi kimeona hakiniwezi kimekimbia. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, simwombi mtu, hata kama mistari inapanda mlima.

Karata uliyonitumia nimeipata. Mnara unapigwa radi, watu wanaanguka vichwa chini. Sasa wewe, unamtumia mwashi picha ya jengo linaloanguka? Maisha yangu yote sijajenga ukuta ukaanguka, uliza mji mzima. Unasema unawatabiria wateja hapo saluni kwa hizo picha, na wakiogopa unawatafutia uzuri wake. Haya, nitafutie na mimi. Ila ujue unaongea na nani. Barazani kwetu wananiita Mfalme wa Karata, hakuna aliyewahi kunichezea rafu. Mwingine akichanganya, mimi nakata. Asiyetaka nikate, hatuchezi.

Baba yako

19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kikohozi kimeondoka. Huku sisi wazima, ila miguu inavimba kwa kusimama. Karibuni nahamia saluni yangu mwenyewe, ina kioo cha ukuta mzima. Ungekiona.

Kuhusu Mnara, kila mteja akiuona anashika kifua. Mimi huwaambia radi imekuja kufungua. Kinachoanguka ni kile kilichokuwa kimekubana, na mahali pake panabaki wazi kwa kitu kipya. Nyumba ni kuta tu, Baba. Mtu ndiye anayebaki. Nilizichanganya vizuri kwa ajili yako, ikatoka hiyo hiyo, basi ni yako.

Mwanao

2 Aprili

Kwa binti yangu msusi,

Salamu, na pole kwa miguu. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, usijifanye chuma, chuma ni mimi.

Maneno yako nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Umesema kweli. Nimeubomoa ukuta wa nyuma. Nimeupiga nyundo mwenyewe, vijana wamesimama wanatazama, hakuna aliyethubutu kuniambia mzee pumzika. Hapo nakujengea chumba, dirisha litazame jua la asubuhi, ukija usilale tena kwenye kochi kama mgeni. Barazani nimewaonyesha Mnara na kuwafundisha maana yake.

Jirani yetu mwenye duka la dawa alikuja akawa anapima uwanja wangu kwa hatua. Nikamuuliza, "Umepoteza nini?" Akasema ananyoosha miguu. Watu wana vituko.

Baba yako

11 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika haraka. Usijenge. Tafadhali usinunue saruji.

Nimekuvutia karata nyingine, hii hapa, Mtu Aliyening'inizwa. Amefungwa mguu mmoja, kichwa chini, lakini mtazame usoni ametulia, na kichwani ana nuru. Maana yake nzuri ni kwamba kuna wakati mtu hapaswi kufanya kitu. Anakaa, anatazama mambo kutoka upande mwingine, na yanakuja yenyewe. Kaa hivyo, Baba. Nakuomba.

Mwanao

15 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujanijibu, natumaini ni kwa sababu umepumzika. Kaka atakuja kukutembelea mwisho wa mwezi. Mpokee vizuri, msikilize mpaka amalize.

Humu kuna karata ya tatu. Ni Kifo, usishtuke. Wateja hulia wakiiona, nami huwaonyesha nyuma ya farasi aliyepandwa na Kifo, kule mbali, jua linachomoza. Haimwiti mtu kaburini. Inasema jambo moja limekwisha na jingine linaanza. Wewe ni jasiri kuliko wateja wangu wote.

Mwanao

9 Juni

Kwa msusi,

Salamu sina.

Kaka yako alikuja na mwenye duka la dawa, na gari la kubebea vyombo. Mimi nilikuwa nimekaa nimetulia kama mtu wako wa kichwa chini. Nikamwambia, "Karibu, umekuja kunisaidia matofali?" Akanitazama kama mgonjwa.

"Baba, si dada alikuandikia?"

"Ameniandikia, na picha juu."

"Sasa si unajua nyumba imeuzwa? Tulikubaliana yeye ndiye akuambie."

Mwenye duka la dawa akaangalia viatu vyake. Akasema, "Pole, Fundi. Ila asante kwa ule ukuta wa nyuma, umenipunguzia kazi."

Nikaingia ndani nikazitandaza karata zako mezani. Mnara, Aliyening'inizwa, Kifo. Hizo hazikutoka zenyewe. Uliziokota moja moja, kila moja na siku yake. Mimi niliyewafunga watu barazani mpaka wakaacha kuja, nimechezewa rafu na niliyemfundisha kushika karata. Ulichanganya peke yako, hukunipa nikate.

Nyumba niliiandika kwa jina lako kwa sababu kaka yako hana mkono wa kushika kitu. Nilisema huyu hataniuza. Kumbe kioo chako cha ukuta mzima ni ukuta wangu.

Ungekuja ukaniambia usoni, ningekutukana, ningepiga meza, jioni tungekunywa chai. Nyumba ingekwenda na mimi ningebaki na binti. Hizo maana nzuri unawapa watu wasiogope. Mimi sikuogopa hata moja. Aliyeogopa ni wewe.

Niko chumbani kwa kaka yako. Ukuta wake una ufa, nimeanza kuuziba, siwezi kulala nikitazama kazi mbaya. Usije kuniona sasa. Kaka yako atakuambia naendeleaje, akikumbuka.

Karata zako nimekurudishia zote tatu, wateja wako wasije wakakosa Kifo chao. Na yule mwenye duka la dawa akikuandikia kulalamika kwamba kuta zilizobaki zimemshinda kubomoa, atakuuliza ni nani aliyezijenga. Usimwambie ni baba yako. Mwambie ni

Fundi