Nilimjibu Shangazi Kwamba Amepumzika

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Hali yako, na hali ya shemeji? Goti lake limepata nafuu, au bado anapanda ngazi huku akizitukana moja moja? Huku kwangu mwili haujambo, chakula kinapita, paa halivuji. Mengine ndiyo yaliyonifanya nikuandikie barua. Mimi ninayeshinda kwenye simu kutwa nzima, simu ya kwako imenishinda kupiga. Najua nikisikia tu sauti yako nitasema "hakuna neno, dada," na uongo wa namna hiyo nimeshausema vya kutosha.

Jumapili ulinipigia ukanishukuru kwa kumtunza Chiriku wako kama mtoto niliyemzaa mwenyewe. Kisha ukaniuliza kama kuna mwanamume aliyemvunja moyo, maana hii ni wiki ya tatu tangu arudi hapo nyumbani na hasemi. Anakaa ukingoni mwa kitanda, na simu ya mtu yeyote ikilia anatoka nje. Ukasema jirani yako ameanza maneno ya kurogwa. Nikakujibu kwamba sijui lolote. Dada, najua. Nakuomba ukae chini, usome mpaka mwisho.

Unakumbuka ni mimi niliyemtafutia kazi hii. Chumba chetu ni cha simu za dharura: mtu akianguka, nyumba ikishika moto, mama akishikwa na uchungu njiani, simu inaingia kwetu. Tuko tisa kwa zamu, kila mmoja na hedfoni yake na skrini mbili, madirisha hayafunguki, na kapeti limetoboka chini ya magurudumu ya viti. Zamu ya mchana nilikuwa naisimamia mimi. Mwanao alipokuja nilihofu domo lake litamponza. Kumbe ndilo lililokuwa dawa! Mtu aliyepagawa akimsikia, anatulia, anataja mtaa na namba ya nyumba.

Mwaka jana wakubwa walituletea programu ya akili bandia ya kutuangalia, tusije tukaishiwa nguvu kwa uchovu wa kazi. Ukimaliza zamu inakuuliza kwenye simu yako umelalaje, umekula nini, ni mazungumzo gani ya leo yamekukaa moyoni. Unaiandikia, nayo inakujibu kwa upole. Kazini pia inasikiliza sauti zetu, inajua nani ameanza kuchoka. Kwa maswali yake wenzetu wakaipa jina la Shangazi. Chiriku alituvunja mbavu siku ya kwanza, alisema hatimaye amepata shangazi asiyeuliza ataolewa lini.

Wanayoandikiana mimi siyaoni. Naona rangi tu mbele ya jina: kijani, njano, nyekundu. Ikiwa nyekundu, Shangazi ananiandikia mstari mmoja kwamba fulani anahitaji mapumziko, na chini yake kuna vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa "Naomba mtu wa kushika nafasi". Cha pili, "Ameshapumzishwa".

Mwezi uliopita, asubuhi moja, Chiriku alipokea simu ya mama ambaye kichanga chake kilikuwa kimeacha kupumua. Alimwelekeza akikandamize kifua kwa vidole viwili, akawa anamhesabia, moja, mbili, tatu, kwa dakika kumi na tisa, mpaka gari la wagonjwa likafika. Mtoto hakupona. Chiriku alivua hedfoni, akaenda kunawa uso, akarudi kitini, akapokea simu iliyofuata kwa sauti ileile. Nilijivunia, dada. Mungu anisamehe, nilijivunia.

Kesho yake rangi yake ikawa njano, keshokutwa nyekundu. Siku hizo wenzake wawili walikuwa wagonjwa, mmoja yuko likizo ya uzazi. Kitufe cha kuomba mtu kilikuwepo, lakini zamu yangu haikuwahi kuomba mtu tangu niishike, na nilipenda kulisikia hilo likitajwa vikaoni. Tena nilichelea midomo ya watu. Wangesema nambeba mtoto wa dada yangu. Basi kwa kuogopa kuonekana nampendelea, nikambana kuliko wote. Nilibonyeza "Ameshapumzishwa" ili ile rangi iniondokee, halafu nikampanga kazini kama kawaida. Nilifanya hivyo mara tatu ndani ya siku kumi na moja.

Siku ya kumi na moja aliingia bibi mmoja kwenye simu, mume wake ameanguka bafuni. Chiriku alisema, "Dharura, nakusikiliza," basi. Hakusema tena. Mwenzake wa kiti cha pembeni, tunayemwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha zamani, alishtushwa na ule ukimya akaivuta ile simu kwake. Zilikuwa zimepita sekunde arobaini. Yule mzee alipona, tunashukuru. Lakini mwanao alikuwa amekaa wima, macho kwenye skrini, midomo inacheza bila sauti, na vidole viwili vya mkono wa kulia vinakandamiza meza, vinakandamiza, vinakandamiza. Nilipomshika bega hakunitazama.

Ndipo tukamleta kwako, nami nikakwambia ni uchovu na maleria kidogo.

Mkurugenzi aliitisha kikao. Akaniuliza mbele ya watu kama Shangazi alinionya. Nikasema sikuona onyo lolote. Wote wakaitupia mashine lawama, kwamba haifai kitu, iondolewe, na fundi wa mitambo aliyeifunga ajieleze kwa maandishi. Fundi huyo ni mtu mzima, kichwa kimejaa mvi, hana makuu. Baada ya kikao alikuja mezani kwangu na karatasi moja, akaigeuza ili niisome. Siku tatu tofauti, na kila siku vidole vyangu vimebonyeza "Ameshapumzishwa".

"Mama," akasema, "hii sijamwonyesha mtu. Nimeona ni bora uiseme mwenyewe."

Nikamwambia nimemsikia. Siku nne zikapita nami sijaenda kwa mkurugenzi, namwamkia kila asubuhi, naye ananiitikia.

Jumatatu hii ndipo nikaenda kwa mkurugenzi nikasema yote. Fundi amebakishwa kazini. Mimi nimevuliwa usimamizi, na kama nitabaki hata kwenye kiti cha kupokea simu, wataamua wiki ijayo. Usinihurumie kwa hilo, na usinisifu kwamba dhamiri ilinisuta. Haikuwa dhamiri. Alikuwa mwanao.

Nadhani alikuwa karibu nawe Jumapili ukinishukuru, maana hata saa moja haikupita, akanitumia mazungumzo yake na Shangazi. Yeye mwenyewe hakuongeza neno. Ndipo nikajua nisilolijua, kwamba ile nyekundu haiji kwangu mpaka mwenyewe aridhie. Siku ya kwanza Shangazi alimwuliza, "Nimjulishe msimamizi wako?" Akajibu, "Hapana. Ni mama yangu mdogo, nitamwangusha." Siku ya pili akaandika, "Haya, mwambie. Lakini mwambie taratibu, asishtuke."

Kesho yake Shangazi akamwandikia: "Habari njema. Msimamizi wako amenijulisha kwamba umepumzishwa. Lala, kula vizuri, kazi itakusubiri." Dada, ujumbe huo aliusoma akiwa kitini, hedfoni kichwani, mimi nimesimama hatua nne nyuma yake.

Unajua alijibu nini? "Labda amekosea kitufe. Mwambie tena."

Mara ya pili nikafanya vilevile, naye akaandika, "Ana mambo mengi. Jaribu mara moja tena." Ya tatu akaandika, "Sawa." Hajaandika kitu tangu hapo. Na kila asubuhi ya siku hizo aliniamkia, nami nikamwuliza kama ameamka salama, akasema salama.

Kwa hiyo hajarogwa, wala hakuna mwanamume. Mpeleke kwa daktari wa akili aliyepo hospitali kuu. Nimeongea naye, anamsubiri Alhamisi. Msimlazimishe kusema, na simu zote ziwekwe mbali na chumba chake. Wewe una haki ya kunikasirikia kwa muda wowote utakaotaka. Ulinibeba mgongoni mama alipokuwa kazini, nami ukanipa mmoja tu wa wanao nimshike.

Msalimie shemeji na watoto. Mwanao usimpe salamu zangu. Mpe barua hii aisome, kisha yeye ndiye aamue kama mtu kama mimi aje hapo au asije. Akikataa, usinitetee.

Ni mimi,
mdogo wako.