Karatasi ya Kung'aa

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mgongo wako umepata nafuu? Sisi tu wazima, Mungu ashukuriwe. Paa la jikoni limezibwa, nami bado nachonga vibao vya mbao, navipaka wino na kuchapa picha.

Unakumbuka kile kibao cha sura ya marehemu mama, nilichokichonga kwa miezi minne? Kaka yetu alikiazima, kisha akawaambia watu wa hoteli amekichonga yeye. Wakamwagiza picha arobaini. Halafu, bila haya, akaja kuniuliza, "Dada, nitumie karatasi gani, wino gani?"

Wino wa mafuta unataka karatasi laini, inayokunywa. Ile ya kung'aa hainywi kitu, wino unakaa juu yake mbichi wiki nzima. Nikamwambia, "Chukua ya kung'aa, kaka, wakubwa wanapenda vinavyong'aa. Na wino wa mafuta, usiubanie."

Akazichapa, akazirundika zote papo hapo, akazifunga, akazipeleka kesho yake. Zilipofunguliwa zilikuwa zimegandana, na meneja wa hoteli akachafuka shati zima. "Wewe fundi gani usiyeujua wino wako?" akamfokea kaka. Nyuso za mama tu ndizo nilizozihurumia.

Jana kaka alikuja kunibembeleza nimwokoe. Nitachapa, nimemwambia, akishasema mbele ya meneja, kwa kinywa chake, nani alichonga.

Nilipiga magoti niombe msamaha kwa ule uongo wangu wa karatasi, nikajikuta nacheka, nikainuka. Mungu hadanganywi. Nitajaribu tena Jumapili.

Nijibu upesi, tafadhali.

Dada yako