Mkwe Aliyekula Kaa

Mwenzangu, niko hospitali, mikono bado inanuka kaa. Mimi mzima. Ni mchumba wa binti yangu.

Walinipeleka ule mkahawa wa kaa wa miaka mingi, nimtazame kijana kabla sijatoa jibu la posa. Yeye kaagiza kuku. Binti yangu alipokwenda kunawa, nikavunja gamba la kaa wangu mwenyewe, nikamwekea nyama sahanini. "Kula, baba." Akala. Nikamwongeza, akala.

Mara naona mdomo unavimba. Namuuliza, anasema, "Kitamu, mama." Jicho limeshajifumba, bado ananiambia kitamu.

Binti yangu kurudi tu, akapiga kelele, "Mama, huyu akila kaa anadhurika!"

Nikamgeukia kijana: mbona hukusema? Sauti inakwama kooni, ananijibu, "Ningekataaje mkono wako, mama?"

Mwenzangu, nilimlilia Mungu kwa sauti mbele ya wahudumu wote. Mwenye mkahawa akatupeleka hospitali kwa gari mwenyewe, mimi nimekishika kichwa cha yule kijana mapajani, nahesabu anavyopumua.

Sasa wamemchoma sindano, anapumua vizuri. Daktari katoka, kaniuliza mimi ni nani wake.

Nikasema, mama yake.

Binti yangu kanitazama, kaanza kulia. Jibu lilikuwa limeshatoka.