Daktari Aliyewajua Mbuzi Wetu

Lindi, Jumanne

Mwanangu Somoe,

Salamu nyingi. Magofu ya Kilwa kwenye picha ya kadi hii sijayaona. Kadi nyingine dukani haikuwapo. Mie nimelala hospitali, mvua haikatiki, nyonga yangu ya chuma bado inatoa usaha.

Jana daktari, mgeni asiyeijua hata Rondo kwetu, alileta majibu ya usaha kutoka maabara. Akaniinamia, akauliza polepole: "Mzee, mbuzi wa kwenu wanatupa mimba?"

Nywele zilinisimama. Nani kamwambia? Habari za mbuzi wetu wa zizi la ujamaa kutupa mimba sijamtajia mtu hapa. Akasema kijidudu kilichokaa kwenye chuma changu ndicho kinachoua vitoto tumboni mwa mbuzi. Kwenye nyonga ya mtu hajapata kukiona. Kimeniingia kwa maziwa mabichi, yale uliyonikamulia kila asubuhi nipate nguvu. Na sisi tulisema ni mkono wa mtu!

Mimi nitachomwa sindano miezi kadhaa. Lakini Somoe, kila nilichobakiza kikombeni ulikimaliza wewe, na mimba yako ni ya mwezi wa tano. Usikamue tena. Nenda zahanati leo, uwaonyeshe kadi hii.

Nawaombea nyote wawili, wewe na huyo aliyemo.

Baba yako