Namba Sita Anaomba Nimwamulie

Jumanne, Guangzhou. Mvua imeanza kabla sijaamka na mpaka naandika hapa haijakata. Ni ile mvua ya mwezi wa tano ya huku, inanyesha kama inamdai mtu, halafu joto liko palepale. Nimeshinda roho juu juu. Nikikaa nainuka, nikiinuka sijui nilikuwa naenda wapi.

Sababu ni Edgar.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: Edgar ni mume wangu. Mama yake ni mtu wa Moshi, baba yake Mwingereza, na yeye kazaliwa na kukulia hukohuko Uingereza. Anacheza mpira, kiungo mkabaji, namba sita. Mimi niko huku China, nanunua vitambaa vya mapazia na kuvipakia kwenye kontena kwenda Kariakoo. Mwaka mzima ndoa yetu ni ya simu, isipokuwa mwezi wa sita, msimu wao ukiisha, ndipo anapokuja tunaishi kama watu.

Ukimwambia Mtanzania wa hapa kwamba mume wako anacheza mpira Uingereza, anaanza kukuangalia mkoba. Jamani! Edgar hajawahi kucheza ile ligi mnayoiona kwenye vibanda umiza, vile vya kulipia kiingilio kuangalia mpira. Amecheza zile za chini. Daraja la tatu kidogo, la nne kwa miaka mingi, halafu la tano. Viwanja ambavyo beki akibutua mpira unatua kwenye bustani ya mtu, na mwenye bustani anaurudisha huku ananung'unika. Asubuhi anaendesha gari la kupeleka vifurushi nyumba kwa nyumba, jioni anakwenda mazoezini. Huo ndio utajiri wetu.

Wiki iliyopita timu yake ilimtema. Nililipokea kwa furaha, msinielewe vibaya. Ana miaka thelathini na nne na goti moja linalolia akipanda ngazi. Tulishakubaliana tangu Krismasi kwamba huu ni msimu wa mwisho, anakuja Guangzhou na haondoki tena. Yeye ashike upande wa jinzi kule Xintang, mimi nibaki na mapazia yangu kwenye soko la vitambaa la Zhongda. Nimeshahamia chumba kikubwa. Nimenunua kitanda cha sita kwa sita kwa sababu ya ile miguu yake mirefu, na nikalala humo peke yangu, katikati, kwa raha zangu, nikijua raha hizo zina mwisho.

Kumbe kuna timu nyingine imempigia. Daraja la sita, kamji ambako sijawahi kukasikia. Wanampa mwaka mmoja. Aliniambia jana, akiwa bado kazini, akasema kocha wao anataka jibu leo kabla ya saa sita mchana ya kwao.

Nikamuuliza, wewe umemjibuje?

"Nimemwambia naongea na wewe kwanza. Ukisema nisisaini, sisaini."

Halafu akarudi kwenye vifurushi vyake. Mimi nikabaki na hilo neno lake, nimelala nalo, nimeamka nalo.

Niseme ukweli, jibu nilikuwa nalo palepale. Njoo. Neno lenyewe fupi hivyo. Lakini halikutoka, nikamwambia nipe mpaka kesho, na usiku kucha najiuliza kwa nini halikutoka wakati nimelisubiri miaka yote hiyo.

Asubuhi nimekwenda Zhongda na Salma. Salma ni mtu wa Unguja, ananunua vitambaa vya madera, na ndiye ndugu yangu wa huku. Nilimsimulia kwenye treni tumesimama, tumeshikilia vyuma, miavuli inatuchuruzikia miguuni.

"Ushauri wa nini wautaka?" akaniuliza. "Mume keshakupa rungu mkononi. Mwambie aje! Au huo mpira ndio utakaomkanda mgongo uzeeni?"

Nikacheka. Halafu nikajikuta namtetea, mtu niliyekuwa nataka aache. Nikamweleza Salma kwamba Edgar alichukuliwa na timu kubwa akiwa mtoto wa miaka tisa. Kakulia kwenye viwanja vyao, kavaa jezi zao, mama yake kampeleka mazoezini kwa basi kwenye baridi ile. Alipofika kumi na nane wakamwita ofisini, wakampa mkono, wakamwambia basi. Hakuna kosa alilofanya. Walikuwepo wengine waliokuwa wazuri zaidi, basi.

Akaanza tena chini. Akatolewa kwa mkopo, akarudi, akauzwa kwa bei ya kuchekesha, akaumia goti, akapona, akatemwa. Akapata timu nyingine, akatemwa. Kila kocha mpya anakuja na watu wake, au anataka damu changa, au hela imeisha. Magoli yake unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki. Mimi msimu ukiwa unaendelea namsikiliza kwenye simu, timu inarusha matangazo ya sauti, na mtangazaji ni mzee mmoja wa kujitolea anayekohoa sana. Jina la mume wangu hulitaja pale tu anapopewa kadi ya njano.

"Sasa kinachomweka huko ni nini?" Salma akauliza, na safari hii hakuwa anatania.

Nikamsimulia mechi moja. Ilikuwa ya kombe, timu ndogo ya Edgar ikapangiwa timu kubwa, moja ya zile mnazozijua, na hao wakubwa wakaja kucheza kwenye kile kiwanja cha kubanana cha kina Edgar. Raundi zote za kufika pale Edgar alicheza. Siku hiyo kocha akamweka benchi. Kipindi cha pili akaambiwa apashe misuli, akapasha kipindi kizima, anakimbia pembeni ya mstari, anajinyoosha, anamwangalia kocha. Filimbi ya mwisho imepulizwa bado anapasha. Hadithi hiyo ndiyo aliyonisimulia siku tuliyojuana, kwenye harusi ya binamu yake Moshi, mimi nilikuwa nimepeleka vitambaa vya mapambo. Wanaume wengine wanakusimulia walivyoshinda. Huyu akanisimulia hiyo, anacheka mwenyewe, nikampendea hapo.

Treni ikasimama, tukashuka.

Sasa Zhongda. Nilikuwa na kazi moja tu, kitambaa kizito cha rangi ya maziwa ambacho wateja wangu wa Dar wanakililia. Laoban, yaani mwenye duka, ni mama mmoja tunayefahamiana naye miaka. Hapa bei haitajwi kwa mdomo. Anabonyeza kikokotoo anakuonyesha. Ukitikisa kichwa, anafuta, anabonyeza tena. Ukitikisa tena, anakusukumia hicho kikokotoo mkononi: haya, andika wewe. Nilipokuwa mgeni nilidhani ni heshima. Nikaandika kwa furaha, na yeye akakubali haraka mno, kumbe nimeandika bei kubwa, na kitambaa chenyewe kikanikalia Kariakoo mwaka mzima bila mnunuzi. Na siwezi kumlaumu, kwa sababu aliyeandika ile bei ni mimi.

Leo akanisukumia kama kawaida. Nikakishika. Nikasimama nacho, vidole haviendi. Laoban ananiangalia, Salma ananiangalia.

Ukisema nisisaini, sisaini.

Mungu wangu, nikasema kwa sauti. Edgar naye kanisukumia kikokotoo!

Ndipo nikaelewa kwa nini lile neno halikunitoka. Huyu mtu tangu ana miaka kumi na nane anaitwa ofisini anaambiwa basi. Hajawahi hata mara moja kusema basi yeye mwenyewe. Sasa hajui kusema, anataka mimi nimwite ofisini nimpe mkono. Na akishafika hapa, siku jinzi zimekwama bandarini, siku tumegombana kwa sababu ya chumvi, ataniangalia kwa jicho lilelile alilomwangalia nalo kocha wa siku ya kombe. Hatasema kitu, Edgar si mtu wa kusema. Lakini nitalijua hilo jicho.

Nikamrudishia laoban kikokotoo chake. Nikamwambia nakuja kesho. Akalalamika kweli, "meiyou, meiyou", maana yake kesho hakipo, kitakuwa kimekwisha. Kiishe.

Jioni ya huku, kwao bado asubuhi, kabla ya ile saa ya kocha, nikampigia, nimesimama nyuma ya ngazi kati ya magunia ya vitambaa, mikokoteni inapita, watu wanapiga kelele. Alikuwa kwenye gari lake la vifurushi, amepaki pembeni. Kwao pia kulikuwa na mvua.

Nikamwambia, "Edgar, sisemi. Siamui."

"Nilikuomba uniambie."

"Ndiyo, na nakataa. Makocha wote hao walikuacha wao. Mimi ni mkeo, siwi kocha mwingine. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Nasikia waipa za gari tu, zinakwenda na kurudi.

Hapa nina la kuungama. Wakati yeye anafikiri, mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Nilijua atasema anataka kuja. Nilikuwa nimejiandaa kabisa kuwa yule mke mwenye busara aliyemwachia mumewe uhuru, na huo uhuru ukamleta wenyewe mpaka uwanja wa ndege wa Baiyun, nimesimama mlangoni na gauni jipya. Nilishaliona hata gauni.

"Nataka kucheza," akasema. "Mwaka mmoja tu, Neema."

Mara ya kwanza mume wangu ameachiwa achague mwenyewe, hakunichagua mimi.

Niliwaka. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu mama mkwe husoma. Nilimwambia kacheze mpaka hilo goti lidondoke, kalale na huo mpira. Nilimwambia kuhusu kitanda. Watu wa mikokoteni walikuwa wanageuka kuniangalia, Mswahili anayelia kwa Kiswahili kwenye magunia ya watu. Yeye hakubisha. Alisubiri nimalize, halafu akasema taratibu, wala si kwa lawama:

"Hujawahi kuniona nikicheza. Hata mara moja."

Nikamkatia simu.

Salma alikuwa ananingoja kwenye mlango wa stesheni ya treni na mahindi ya kuchemsha mawili. Alitazama uso wangu akajua. Akaanza, "Si nilikwambia mimi, si nilikwambia..." halafu akaacha, akanipa hindi, tukala tumesimama. Salma akinyamaza ujue kakuhurumia sana.

Sasa niko chumbani. Ujumbe wake umeingia, neno moja, "Nimesaini", na sijaujibu. Hasira ninayo bado, sitaki mtu anidanganye kwamba nimefanya jambo jema. Ningesema njoo angekuja. Mwezi wa sita angekuwa hapa. Nilikuwa naye mkononi nikamwachia, na kama kuna mwanamke anasoma hapa ananiona mjinga, simbishii, leo hata mimi najiona hivyo.

Lakini alichosema ni kweli. Sijawahi kumwona akicheza. Nimemwona akilala, akichemka homa, akila ugali kwa uma, akimlilia baba yake. Uwanjani, sijawahi. Kila mwaka nilikuwa na sababu: viza, mzigo, msimu wa harusi Dar wanataka mapazia. Nimekuwa nikimngoja aache ndipo tuanze kuishi, kama vile huko anakoishi si kuishi.

Nimefungua ramani kwenye simu, nikakatafuta hako kamji. Nimekakuza mara mbili tatu ndipo kakaonekana. Kuna kanisa, kuna duka la samaki na chipsi, kuna mto mwembamba, na pembeni kipande cha kijani chenye mistari. Ligi yao inaanza mwezi wa nane. Mwezi wa nane nina kontena. Kila mwezi wa nane nina kontena.

Hivi huko mwezi wa nane kunakuwa na baridi?